Bahari Moja, Vipimo Vingi: Jinsi Setilaiti Zilivyoiunganisha Mombasa na Ng'ambo

Pale Buxton, mahali daraja la Nyali linapoanza kukiacha kisiwa, saveya hana haja ya daraja. Akisimamisha chombo chake upande huu, na mwenzake akasimama na alama upande wa Nyali, macho yanauvuka mkono wa bahari wa Tudor mara moja na pembe inasomwa. Wakazi wa Mombasa walingoja hadi 1931 kupata daraja la kuelea, na hadi 1980 kupata hili la sasa. Mpima ardhi alikuwa anavuka siku zote kwa pembetatu zake. Upande mmoja wa pembetatu ukishapimwa kwa mnyororo na pembe zikasomwa, pande zilizobaki hujitokeza kwa hesabu, hata kama katikati kuna maji, bonde au shamba la mtu mkorofi. Kwa njia hiyo, kilima hadi kilima, mabara mazima yalitandikwa pembetatu. Sharti lilikuwa moja tu, kuonana. Sasa toka Buxton uende upande wa pili wa kisiwa, Mama Ngina, uitazame bahari kuu. Ukinyoosha mkono mashariki, nchi inayokungoja ni Mahé, kisiwa kikuu cha Shelisheli, umbali wa takriban kilomita 1,750. Tuseme mlima Kilimanjaro, na mita zake 5,895, ungehamishiwa pale ufukweni. Mtu aliye kileleni angeona baharini kiasi cha kilomita 275. Kilele cha juu cha Mahé, Morne Seychellois chenye mita 905, kinaongeza kama kilomita 107 kutoka upande wake. Jumla haifiki 400. Zaidi ya kilomita 1,300 zinazobaki zimezibwa na mgongo wa dunia wenyewe, na hakuna mnara wala darubini ya kuutoboa.

Ugumu huo ndio uliozaa historia ninayotaka kuieleza. Kwa kawaida historia hiyo husimuliwa kama hadithi ya usahihi: zamani watu walikosea sana, kisha vyombo vya angani vikaja, makosa yakapungua. Mimi naona ushahidi unaelekeza kwingine. Wapima ardhi waliokuja pwani ya Afrika Mashariki kabla ya setilaiti walikuwa mafundi hodari, na ndani ya mtandao wao vipimo vilikuwa safi. Kilichokosekana ni upamoja. Kila himaya ilijipimia bara lake kutoka nguzo yake, kwa umbo la dunia ililojichagulia, na mitandao hiyo ilipofika ufukweni ikakoma. Bahari ya Hindi, ambayo majahazi yaliifanya kuwa ujirani mmoja kwa kaskazi na kusi, kwenye madaftari ya wapimaji ilikuwa vipande visivyojuana. Kazi kubwa ya setilaiti ilikuwa kuvipatanisha vipande hivyo. Usahihi ulikuja kwa mlango huo huo, lakini ulikuja nyuma.

Manahodha wa zamani walijua nusu ya jibu. Kimo cha nyota juu ya upeo wa macho, kilichopimwa kwa vidole au kwa kamali, kibao chenye uzi wa mafundo, kiliwaambia wako kaskazini au kusini kiasi gani. Ahmad ibn Majid, mwanabahari wa Oman wa karne ya 15, alitunga utenzi wa Kiarabu kuhusu njia ya Sofala wenye vimo vya nyota kwa ajili ya bandari za pwani hii. (Kwamba yeye ndiye aliyemwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi mwaka 1498 ni hadithi tamu, lakini wataalamu wengi leo hawaikubali.) Nusu ya pili, yaani umbali wa mashariki na magharibi, nyota peke yake haiitoi, kwa sababu mbingu inazunguka na mtu lazima ajue saa ngapi inatazamwa. Kwa hiyo longitudo ikawa suala la saa. Kapteni William Owen wa jeshi la maji la Uingereza alipoipima pwani yetu kati ya 1822 na 1826 kwa meli za Leven na Barracouta, alibeba saa maalumu za baharini zilizotunza wakati wa mahali alikotoka. Kazi hiyo ilimgharimu mabaharia wengi mno waliokufa kwa homa. Mombasa inamkumbuka kwa siasa zaidi kuliko kwa ramani: Februari 1824 aliwapa Wamazrui, watawala wa mji huo, ulinzi wa Uingereza dhidi ya Seyyid Said wa Oman, jambo ambalo serikali yake haikuliunga mkono, na jina la meli yake limebaki kwenye ngazi za Leven zinazoshukia bandari ya zamani Mji wa Kale. Jina la luteni wake Reitz, aliyefariki mwaka huo huo, liko Port Reitz hadi leo. Ila ramani zake nazo zilitumika kwa miongo mingi. Udhaifu wake ni rahisi kuukokotoa: dunia huzunguka digrii 15 kwa saa, kwa hiyo karibu na ikweta saa ikikosea sekunde moja, meli imehama kiasi cha mita 460. Na saa iliyotikiswa na mawimbi kwa wiki nyingi haikosei sekunde moja tu.

Waya wa telegrafu ulipunguza kosa hilo. Mwaka 1879 kebo ya chini ya bahari ilishuka kutoka Aden kupitia Zanzibar na Msumbiji hadi Durban, na miaka michache baadaye mnajimu David Gill wa Cape Town aliutumia uhusiano huo kulinganisha wakati wa Aden na wa Rasi ya Tumaini Jema, maana mlio wa umeme hausubiri upepo. Mwaka 1890 Mombasa nayo ikaunganishwa na Zanzibar. Msomaji makini atauliza hapa: ikiwa tayari nyota zilitoa latitudo na waya ukatoa longitudo, setilaiti ilihitajika ya nini? Kila bandari ingejipatia mahali pake duniani kwa nyota na waya, kisha umbali kati ya bandari mbili ungepatikana kwa kikokotoo. Hoja hiyo ina nguvu, na kwa meli inayotafuta mlango wa Kilindini ingetosha. Lakini ina shimo, na shimo hilo liko kwenye timazi.

Anayepima nyota lazima kwanza ajue juu ni wapi. Hilo huambiwa na kipimamaji au timazi, na timazi haielekei katikati ya dunia kama vitabu vya shule vinavyodokeza. Huvutwa na kila kitu kizito kilicho karibu. Milima huivuta kwake, na penye kina kirefu cha bahari, ambako maji mepesi yamekaa mahali pa mwamba mzito, mvuto unapungua na timazi inapinda. Kupinda huko ni kudogo mno kwa macho, sekunde chache za pembe, lakini sekunde moja ya pembe juu ya uso wa dunia ni mita 31. Sekunde kumi ni zaidi ya mita 300. Na kosa hili halipungui kwa kurudia vipimo, kwa sababu si kosa la mtu wala la chombo. Mnajimu mahiri akilala nje usiku mia moja atapata jibu lile lile lililopinda. Visiwa na pwani zenye bahari ya kina ndizo zinazoumia zaidi. Kwa hiyo nyota na waya ziliweza kuonyesha wapi timazi ya Mombasa inaelekea na wapi ya Mahé inaelekea. Mombasa yenyewe iko umbali gani na Mahé yenyewe, hazikuweza kusema.

Barani, dawa ya timazi ilikuwa mnyororo mrefu wa pembetatu, na mnyororo mrefu kuliko yote barani Afrika ndio uliotupatia vipimo vyetu. Gill ndiye aliyetoa wazo hilo mwaka 1879: kupima tao la longitudo ya 30 mashariki kutoka kusini mwa Afrika hadi Misri. Ilichukua miaka 75. Sehemu ya Uganda ilipimwa 1908 na 1909. Martin Hotine, ambaye baadaye aliongoza idara ya upimaji wa makoloni ya Waingereza, alifanya kazi ya tao hilo Afrika Mashariki kuanzia 1931 hadi 1933. Pengo la mwisho, Sudan, lilizibwa na idara ya ramani ya jeshi la Marekani mwaka 1954. Kutokana na hesabu zake ukazaliwa mfumo wa marejeo unaoitwa Arc 1960, ambao Kenya, Uganda na Tanzania ziliuchorea ramani zao. Mzizi wake ni nguzo ya Buffelsfontein karibu na Port Elizabeth, zaidi ya kilomita 3,000 kusini mwa Mombasa, na umbo la dunia lililotumika ni duaradufu iliyokokotolewa na Mwingereza Alexander Clarke mwaka 1880. Namba za duaradufu hiyo zinasema mengi: nusu kipenyo cha ikweta kimezidi kwa mita 112 kile tunachokubali leo, na cha ncha kimepungua kwa mita 237. Kwa Afrika iliyopimwa na Gill na wenzake halikuwa tatizo kubwa, kwa sababu ilikaa vizuri juu ya sehemu ile ya dunia. Isipokuwa kitovu chake hakikuangukia kiini cha dunia. Kilikaa takriban mita 340 pembeni.

Sasa tembeza kidole kwenye njia ya jahazi. India ilipimwa kutoka Kalianpur kwa duaradufu ya Everest ya 1830, ambayo ni ndogo kuliko dunia halisi kwa zaidi ya mita 860 kwenye nusu kipenyo. Kitovu chake kiko takriban mita 830 mbali na kiini cha dunia, na kwa upande tofauti kabisa na chetu. Mahé ilikuwa na mfumo wake mdogo wa kisiwani, na kitovu chake kikiwa mita 260 upande mwingine. Ukitoa namba za Mombasa kutoka za India unaona kwamba dunia hizo mbili za karatasi zilipishana vitovu kwa zaidi ya kilomita moja. Mfanyabiashara wa Mji wa Kale mwenye binamu Kutch na mteja Muscat aliishi katika bahari moja. Wapimaji wa himaya ile ile moja ya Waingereza walikuwa na bahari tatu au nne, na hawakuwa na njia ya kujua zimepishana kwa kiasi gani, kwa sababu hapakuwa na mahali popote pa kuzikutanisha ili zipimwe.

Kilichohitajika ni alama iliyo juu kiasi cha kuonekana kutoka pwani mbili kwa wakati mmoja. Kabla ya setilaiti, watu walijaribu miale ya moto iliyorushwa angani kuvuka bahari nyembamba za Ulaya, na ndege zilizobeba mitambo ya redio. Bahari ya Hindi ilikuwa pana mno kwa yote mawili. Jibu lilipaa tarehe 24 Juni 1966 kwa jina la PAGEOS, puto la plastiki nyembamba lililopakwa alumini, lenye kipenyo cha mita 30, lisilo na chombo chochote ndani yake. Lilizunguka dunia likipita karibu na ncha zake, kwenye kimo cha kilomita 4,200 hivi, liking'aa kwa jua kama nyota ya kawaida. Kutoka kimo hicho linaonekana na mtu aliye umbali wa karibu kilomita 5,900 kwenye uso wa dunia, kwa hiyo Mahé na Addis Ababa, zilizotengana kwa zaidi ya kilomita 2,300, ziliweza kulitazama pamoja bila taabu.

Inafaa tuutazame utaratibu wenyewe kwa karibu, maana uzuri wa kazi hii uko hapo. Katika kila kituo kulikuwa na kamera kubwa aina ya BC-4 iliyofungwa imara kwenye nguzo na kuelekezwa mahali puto litakapopita. Ndani yake hamna filamu, kuna kioo kilichopakwa dawa, maana filamu hunywea na kujikunja. Kifunga-mwanga kinachozunguka kinaukata mwanga wa puto, hivyo badala ya mstari, kioo kinabeba mlolongo wa vitone vyeusi, mamia yake, na kila kimoja kina wakati wake kamili. Nyota nazo zimeacha vitone vyao, na mahali pa kila nyota mbinguni panajulikana kutoka kwenye orodha za wanajimu. Fundi anakiweka kioo chini ya hadubini na kupima umbali wa vitone kwa sehemu za elfu za milimita. Akimaliza anajua mwelekeo wa puto kama lilivyoonekana kutoka Mahé katika nukta fulani, na mwenzake anajua mwelekeo wake kutoka Addis katika nukta hiyo hiyo. Mielekeo hiyo miwili inakutana kwenye puto na kufanya bapa moja, na mstari unaounganisha Mahé na Addis umelala ndani ya bapa hilo. Usiku mwingine puto linapita penginepo, bapa la pili linapatikana, na pale mabapa mawili yanapokatana ndipo mstari wenyewe ulipo. Timazi haikuulizwa mahali popote katika hesabu hiyo. Huo ndio ushindi ambao miaka mia ya unajimu wa baharini haikuweza kuupata.

Kiongozi wa kazi hiyo alikuwa Hellmut Schmid wa idara ya upimaji wa pwani ya Marekani. Vituo vilikuwa 45 kuizunguka dunia, na kwetu vilivyokuwa karibu ni Addis Ababa, Mahé, Morisi, Diego Garcia na Johannesburg. Mawingu yalikuwa adui mkuu: puto likipita juu ya kituo chenye anga safi na kingine chenye mvua, usiku umepotea kwa vyote viwili, ndiyo maana upigaji picha uliendelea hadi 1970 na matokeo yakachapishwa 1974. Kwa kuwa mielekeo peke yake haitoi urefu, ilibidi mtandao upewe kipimo kutoka ardhini, na mmoja wa mistari iliyobeba jukumu hilo ulikuwa wa Afrika, kutoka Dakar hadi Fort Lamy, ambayo leo ni N'Djamena, karibu kilomita 3,500 zilizopimwa hatua kwa hatua kufuata latitudo ya 12. Mwishowe kila kituo kilijulikana mahali pake kwa kosa la wastani wa mita nne hadi tano. Mita tano kuivuka Bahari ya Hindi, wakati miaka kumi kabla vitovu vilikuwa vimepishana kwa kilomita moja.

Wakati vioo vinapimwa, njia nyingine ilikuwa tayari inaota miguu. Oktoba 1957 Wasovieti waliporusha Sputnik, vijana wawili wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, William Guier na George Weiffenbach, walisikiliza mlio wake wa redio na kuona kwamba unapanda inapokuja na kushuka inapoondoka, kama honi ya matatu inayokupita kasi kwenye makutano ya Buxton. Kutokana na kushuka huko pekee waliweza kukokotoa njia yote ya setilaiti. Mwenzao Frank McClure akageuza swali: ikiwa njia ya setilaiti inajulikana, basi anayesikiliza ndiye anayeweza kujijua yuko wapi. Ndipo ukatokea mfumo wa Transit wa jeshi la maji la Marekani, ulioanza kazi rasmi 1964 na kufunguliwa kwa raia 1967. Kwa mpima ardhi tofauti yake na PAGEOS ilikuwa kubwa. Redio haijali mawingu wala mchana, na kipokezi kinabebeka kwenye gari. Ukikiacha juu ya nguzo kwa siku kadhaa, setilaiti zikapita mara kadhaa, nguzo imejulikana kwa kosa la mita chache, na imejulikana kutoka kiini cha dunia chenyewe, kwa kuwa setilaiti huzunguka kiini hicho na kingine haikijui. Miaka ya 1980 nchi za Afrika ziliungana katika kampeni ya kupima nguzo zao kwa Transit, na kituo cha kikanda cha upimaji na ramani kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1975 kilikuwa miongoni mwa nyumba za kazi hiyo. Hapo ndipo tofauti kati ya Arc 1960 na dunia halisi ilipoanza kuonekana kwa namba: nguzo ile ile, latitudo yake ikihama kwa takriban mita 300, longitudo kwa karibu mita 100.

Pwani ya Kenya haikuwa mtazamaji tu. Kaskazini mwa Malindi, mbele ya Ngomeni katika ghuba ya Ungwana, Profesa Luigi Broglio wa Italia aliweka majukwaa mawili ya chuma baharini, San Marco na Santa Rita, na tarehe 26 Aprili 1967 setilaiti ya San Marco 2 iliruka kutoka hapo. Watu wengi wanaikumbuka zaidi ile ya 12 Desemba 1970, ya kwanza duniani ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani, ambayo kwa kuwa ilirushwa siku ya uhuru wa Kenya iliitwa Uhuru. Kwa mada yetu San Marco 2 ndiyo yenye uzito. Broglio aliibuni ili kupima jinsi hewa nyembamba ya juu ya ikweta inavyosuguana na chombo kinachozunguka, na asiyeujua msuguano huo hawezi kuitabiri njia ya setilaiti ya chini. Na njia isiyotabirika haiwezi kutumika kupima kitu kilicho ardhini. Katika miaka ya 1990 hapo hapo Malindi palisimikwa kipokezi cha kudumu cha GPS cha shirika la anga la Ulaya, kikawa mojawapo ya nguzo za mtandao wa dunia.

Pingamizi zito kuliko yote ni la kisiasa, na halifai kupitwa haraka. Nani aliyelipia haya yote? Jeshi, kwa sehemu kubwa. Kombora linaloruka kutoka bara moja kwenda jingine linahitaji mabara hayo yawe kwenye hesabu moja, na Transit ilitengenezwa kwa ajili ya nyambizi zenye makombora ya nyuklia. Marekani ilikuwa na kituo cha kufuatilia setilaiti Mahé tangu 1963, kisiwa kikiwa bado koloni. Na Diego Garcia, moja ya vile vituo 45, ilitengwa na Morisi na Waingereza mwaka 1965, kisha kati ya 1968 na 1973 wenyeji wa Chagos wakang'olewa na kutupwa Morisi na Shelisheli ili kambi ijengwe. Mtandao wenyewe haukuwafukuza watu hao. Kambi ndiyo iliyowafukuza. Lakini ni uongo kusema kwamba anga ilikuwa uwanja usio na mwenyewe. Ramani ya vituo inafuata ramani ya himaya na marafiki zake, na visiwa vilivyopimwa vizuri ndivyo vile ambavyo wenyewe hawakuulizwa. Ninachokataa ni hitimisho linalotolewa kutoka hapo, kwamba kwa hiyo faida yake si yetu. Tsunami ya 26 Desemba 2004 ilipoondoka Sumatra, setilaiti ya Jason-1 iliyapima mawimbi yake katikati ya Bahari ya Hindi saa mbili hivi baadaye, na kipimo cha kupwa na kujaa cha pwani yetu kiliyaandika yalipofika huku. Namba hizo mbili ziliweza kusomwa pamoja kwa sababu tu tayari bahari ilikuwa na hesabu moja.

Pingamizi la pili ni la mwenye ploti. Mita 300 zinanihusu nini, atasema, ikiwa bikoni zangu ziko palepale na jirani hajanisogelea? Kwa muda mrefu alikuwa sahihi. Hati za pwani zilizotolewa chini ya sheria ya ardhi ya 1908 zilipimwa kutoka nguzo za karibu, na nguzo zote zikikosea pamoja, mpaka kati ya jirani wawili haubadiliki hata inchi. Tatizo huanza mifumo miwili inapokutana kwenye karatasi moja. Nahodha mwenye GPS na ramani ya zamani ya baharini atajiona mita mia kadhaa kutoka alipo, ndiyo maana wachoraji walilazimika kuandika maonyo ya kusogeza vipimo vya setilaiti kabla ya kuviweka kwenye ramani hizo. Mpaka wa baharini wa Kenya na Somalia ni mfano mkali zaidi. Kenya ilidai mstari wa latitudo kutoka pwani. Mahakama ya Kimataifa ya Haki, katika hukumu ya 12 Oktoba 2021 ambayo Kenya iliikataa, ilichora mwingine, na majira yote ya nukta zake yakaandikwa kwa mfumo wa setilaiti, WGS 84. Lakini mpaka wa nchi kavu unaoanzia ufukweni ulisimikwa bikoni na tume ya Waingereza na Waitaliano katika miaka ya 1920, kabla ya setilaiti yoyote. Hebu mstari wa latitudo ukosewe kwa mita 300 na uendelee hadi maili 200 za baharini, yaani kilomita 370: kilomita za mraba 111 za bahari zimebadilisha mwenyewe bila mtu yeyote kutaka.

Buxton yenyewe nayo imeshaingia katika hesabu hii. Nyumba za zamani za baraza la mji zilianza kubomolewa 2021 kupisha majengo mapya ya ghorofa, na anayenunua nyumba ya ghorofani hanunui ardhi ya kusimika bikoni, ananunua nafasi hewani. Sheria ya Kenya ya mwaka 2020 kuhusu umiliki wa sehemu za majengo inataka mpango wa jengo uwe umefungwa kwenye majiranukta ya kijiografia. Hapo jibu la "bikoni zangu zipo palepale" halina pa kushika.

Na kimo je? Mtu akikiweka kipokezi cha setilaiti kwenye mchanga mkavu wa Malindi au Nyali, kabla ya masahihisho kitamwambia yuko zaidi ya mita 20 chini ya sifuri, na kifaa hakijaharibika. Duaradufu ya dunia ni umbo laini la hesabu, ilhali maji ya bahari hufuata mvuto, na mvuto wa Bahari ya Hindi ni dhaifu kwa namna ya pekee: kusini mwa India uso wa bahari umezama zaidi ya mita 100 chini ya umbo hilo, shimo kubwa kuliko yote duniani, na pwani yetu iko kwenye mteremko wake wa magharibi. Ramani za Kenya zinahesabu vimo kutoka usawa wa bahari wa Mombasa, kwa hiyo kuziunganisha na za nchi nyingine kuvuka bahari kunahitaji kujua mteremko huo vizuri, kazi ambayo setilaiti za kupima mvuto kama GRACE ya 2002 na GOCE ya 2009 zimeisukuma mbele sana.

Mtandao uliokuja kuzikutanisha pwani ulikuta pia kwamba pwani hazitulii. Kipokezi cha Malindi, kikisomwa mwaka baada ya mwaka, kinaonyesha kwamba bamba la ardhi linaloibeba pwani yetu linasogea kaskazini mashariki kwa karibu sentimita tatu kila mwaka. Tangu hesabu za Arc 1960 zikamilike, Mombasa nzima, Fort Jesus na Buxton pamoja, imehama karibu mita mbili. Gill na Hotine hawakuwa na njia ya kuliona hilo, kwa sababu nguzo zao zote zilikuwa ndani ya bara lile lile linalosafiri. Ndiyo maana saveya wa leo, anapoandika latitudo na longitudo za kona ya jengo, huandika pia mfumo alioutumia na tarehe ambayo namba hizo zilikuwa kweli.